Namba za Milango

Nne, sifuri, tisa, moja: nyumba ya buluu ya pembeni.
Saba, saba, mbili, tano: ya daktari wa meno
ajaye Pasaka na mbwa wawili,
akaacha mchanga bafuni na "asante" kwenye karatasi.
Namba kumi na tisa nimezihifadhi kichwani.
Visanduku vya funguo vimeganda milangoni
kama kupe sikioni mwa ng'ombe,
nami sina komeo langu mwenyewe
hapa Aberheli, mji ulionizaa.

Usiniulize kwa nini sihami.
Muulize shakwe aliyenipora chipsi Jumanne
akanitazama kana kwamba mwizi ni mimi.
Muulize Gwilym wa duka la samaki,
mkono wake unavyoteleza kwenye mizani
kwa faida yangu, bila neno.
Januari mawimbi yanaruka ukuta
yanabisha madirisha ya nyumba zisizo na watu,
na sisi tuliobaki tunatoka na makoti ya mvua kutazama,
tunapiga kelele kama watoto,
chumvi midomoni, bure,
kitu pekee cha bure kilichosalia.

Mama alikuwa akihesabu taa kutoka kilimani.
Arobaini na tatu, Mtaa wa Bandari, usiku wa baridi.
Mwaka huu nilihesabu sita.
Moja ilikuwa ya jokofu la duka.

Maji ya bamvu hujaa, kisha hupwa.
Kodi haijajifunza kupwa.
Mkate pauni tano, eti umeumuliwa kwa subira.
Mwanangu Ifan amepanga chumba nyuma ya gereji ya matairi,
maili thelathini bara,
na mashua ya uokoaji inatafuta vijana
wawezao kufika gatini kwa dakika kumi.
Tangazo limebandikwa tangu Machi.
Limeshafifia.

Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Kwetu jembe kapewa mwenyeji,
na ufagio juu yake.

Namba kumi na moja nimeiacha makusudi.
Zamani iliitwa Tŷ Halen, Nyumba ya Chumvi.
Baba aliiuza mwaka tisini na nane, mama alipougua.
Sasa kibao kinasema, kwa Kiingereza, Upepo Mwanana,
jambo ambalo upepo wenyewe haujaarifiwa.
Usiku mmoja mle ndani ni pauni mia mbili na themanini.
Mimi kwa saa nalipwa kumi na mbili.
Nilipiga hesabu nikikunja foronya:
ili nilale nilipozaliwa, nifue siku tatu.

Wamepaka rangi kila mahali
ila ndani ya kabati la chini ya ngazi.
Mistari ya penseli ipo bado: mimi, kaka yangu Dilwyn,
mimi tena, nimempita kwa ukucha.
Kila Jumamosi, kati ya saa nne wageni wanapotoka
na saa kumi wengine wanapoingia,
nafungua, natazama, nafunga.

Mezani kuna kitabu cha wageni.
"Bahati yao wanaoishi hapa," ameandika mtu wa Leeds.
Novemba, mvua ikipiga, nilichukua kalamu.
Jina: Eluned. Umetoka wapi: hapa.
Ulikaa muda gani: miaka ishirini na tisa.
Maoni: dirisha la kaskazini linapitisha baridi,
liwekeeni taulo. Vitanda vizuri.
Tungependa kurudi.

Jumamosi iliyofuata ukurasa ulikuwepo.
Mtoto fulani alikuwa amechora shakwe chini ya jina langu,
mnene, mwenye viatu.

Jumatatu mwenye nyumba akabadilisha namba ya mlango.
Jioni akanitumia mpya kwa simu,
maana mashuka hayajifui.